Nyumba moja imesimama, mtaa mzima majivu

Picha ile uliiona. Pengine ilikufikia kupitia grupu la familia, pengine la kanisani, na chini yake mtu kaandika "Mungu hashindwi". Mtaa wa pwani umeteketea wote, yamebaki majivu na mabati yaliyojikunja, na katikati yake kuna nyumba nyeupe yenye paa jekundu, haina hata doa. Hapo ni Lahaina, mji ulioko kisiwa cha Maui huko Hawaii, baada ya moto wa tarehe 8 Agosti 2023. Watu wapatao 100 walikufa na majengo zaidi ya 2,000 yaliharibika.

Kwenye grupu letu zilizuka kambi tatu. Ya kwanza ilisema picha imetengenezwa. Ya pili ilisema muujiza. Ya tatu, iliyokuwa na video nyingi kuliko zote, ilisema hiyo ni silaha ya miale iliyopigwa kutoka angani. Mbona miti imebaki imesimama? Mbona rimu za magari zimeyeyuka zikatiririka barabarani kama uji? Januari 2025, Los Angeles ilipowaka, kambi ya tatu ilirudi na maswali yale yale.

Mimi si mtu wa zimamoto. Ila likizo zangu zote za utotoni nilizimalizia kwa bibi, Mufindi, ambako moto wa Septemba unasubiriwa kama mvua za Desemba, na hilo swali la miti lilinikaa kichwani. Nikalifuatilia. Nikakuta kwamba swali lenyewe ni zuri sana, zuri kuliko majibu yaliyokuwa yanasambazwa. Ukilijibu, umeelewa kwa nini nyumba ya paa jekundu ilipona, na kwa nini ya kwako inaweza isipone.

Tuelewane kwanza maneno

Moto wa nyika ni moto unaotembea kwenye nyasi, vichaka au msitu bila mtu kuuongoza. Mara nyingi umeanzishwa na mtu: mkulima anayeandaa shamba, mrina asali aliyeacha mwenge, mfugaji anayetaka nyasi changa, mvuta sigara, au waya wa umeme ulioanguka. Ukishamtoka mkononi na kushika njia yake wenyewe, ndio huo.

Mwendo wake unategemea ukavu, upepo na mwinuko. Mwinuko ndio watu husahau. Moto unaopanda kilima hukimbia, kwa sababu ndimi zake zimeinamia majani yaliyo mbele na kuyakausha kabla hazijayafikia. Australia wana kanuni ya haraka haraka: kila nyuzi 10 za mwinuko zinaongeza kasi ya moto mara mbili. Nyumba iliyo juu ya kilima ina hewa safi na mandhari, lakini moto ukitokea bondeni, hiyo ndiyo ya kwanza kupokea mgeni.

Nyumba nayo hushika moto kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuguswa na mwali. Ya pili ni joto linalosafiri bila kugusa, lile linalokubabua uso ukisimama karibu na tanuri la matofali. Ya tatu ni cheche. Hizi mbili za kwanza ndizo zilizo vichwani mwetu: ukuta wa moto mrefu kama minazi unakuja, unaifunika nyumba, nyumba imekwisha.

Ajabu ni kwamba ukuta huo wa moto hauna nguvu kama tunavyodhani. Jack Cohen, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alilifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Katika majaribio yaliyofanyika kaskazini mwa Canada miaka ya mwisho ya 1990, msitu halisi ulichomwa kwa makusudi mpaka vilele vya miti vikalipuka kwa moto, huku mbele yake zimesimamishwa kuta za mbao, nyingine umbali wa mita 10, nyingine 20, nyingine 30. Za mita 10, baadhi zilishika moto na baadhi hazikushika. Za mita 20 hazikuwaka. Za mita 30 hata kubabuka hazikubabuka. Kumbuka hizo ni mbao tupu, si tofali.

Sababu ni muda. Moto wa msitu ni mkali lakini hauna subira. Mbele yake hupita mahali pamoja kwa dakika moja hivi, na moto wa nyasi hata dakika haufiki. Ubao mnene unahitaji kuchomwa kwa muda ndipo ushike. Pitisha kidole haraka juu ya mwali wa mshumaa, utaona ninachosema.

Sasa kama mita 20 au 30 zinatosha, nyumba zaidi ya elfu moja zinakwishaje mchana mmoja?

Cheche hukaa panapokaa taka

Nikisema cheche sisemi zile za fundi wa kuchomelea. Nasema kipande cha gome, jani, kijiti au ubao kilichogeuka kaa jekundu, chepesi kiasi cha kubebwa na upepo. Siku ya upepo mkali kinaweza kwenda kilomita moja na zaidi, kikaruka barabara, mto, hata uwanja mzima wa mpira. Moto wenyewe bado uko ng'ambo ya kilima, wewe unapakia mizigo, nyumba imeshaanza kuwaka dari.

Cheche moja haina ubavu. Ikitua kwenye ukuta wa tofali inakufa, na kwenye udongo mtupu vivyo hivyo. Tatizo ni kwamba hazidondoki moja moja. Zinanyesha, na upepo unazifagia na kuzikusanya pamoja. Wapi? Pale pale ambapo upepo huo huo hukusanya vumbi na majani kila siku. Toka nje sasa hivi uangalie: pembe ya baraza nyuma ya ndala, kizingiti cha mlango wa nyuma, ndani ya gata, lile bonde la paa ambapo pande mbili za mabati zinakutana, chini ya ngazi. Taka za upepo zilipolala ndipo cheche zitakapolala, na taka hizo hizo ndizo zitakazokuwa kuni zake.

Kampuni za bima za Marekani zina kituo cha majaribio Richburg, South Carolina, chenye feni kubwa 105 zilizopangwa kama ukuta. Ndani yake hujengwa nyumba ya ukubwa wa kawaida, kisha hupulizwa upepo uliojaa cheche, bila msitu wala mwali. Maganda ya miti waliyomwaga kwenye bustani chini ya ukuta yanaanza kufuka, yanawaka, mwali unapanda ukuta, unaingia chini ya paa. Nyumba ya jirani yake, iliyowekewa kokoto badala ya maganda, imesimama palepale, cheche zinaigonga na kuzimika. Wenye bima hawafanyi mchezo na hela zao. Nikiona wamejenga nyumba ili waichome, nawaamini.

Watu wa pwani hawahitaji Richburg kuelezwa haya. Yeyote aliyewahi kuona paa la makuti likiwaka anajua kwamba hakuna anayeangalia nyumba inayoungua. Wote wanaangalia juu, upande unakoelekea upepo, wamepanda kwenye mapaa ya jirani na ndoo na majani mabichi ya mgomba.

Miti ya kijani na rimu zilizoyeyuka

Turudi kwenye kambi ya tatu, maana sasa tuna vifaa vya kuijibu.

Tarehe 8 Novemba 2018 mji mdogo wa Paradise, California, uliungua ndani ya saa chache. Walikufa watu 85, na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Picha zilizopigwa kutoka juu zinaonyesha misingi ya nyumba imejaa majivu, na pembeni misonobari bado ina majani. Ndiyo, ni kweli miti ilipona. Mti ulio hai umejaa maji. Huwezi kukoleza jiko kwa kuni mbichi. Nyumba, kwa upande wake, ni kuni kavu zilizopangwa vizuri: mbao za miaka 40, makochi ya sponji, mapazia, magodoro, nguo. Zaidi ya hayo nyumba haiwaki dakika moja. Inawaka saa nzima au zaidi, na muda wote huo inarusha cheche na kumimina joto kwa jirani aliye mita tano. Baada ya nyumba ya kwanza kushika, msitu hauhitajiki tena, kwani moto umeshahama kutoka nyikani, unatembea nyumba kwa nyumba.

Ndiyo maana miti imebaki na nyumba hazipo. Nyumba zilichomana zenyewe kwa zenyewe.

Rimu nazo hazina siri. Nyingi siku hizi ni za aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 660. Moto wa gari au wa nyumba unafika huko na kupita. Mafundi wetu wanaotengeneza masufuria kwa vyuma chakavu huyeyusha aluminiamu kwa mkaa na kifaa cha kupuliza hewa, hakuna setilaiti hapo. Na kuhusu nani aliyewasha Paradise, chanzo kilikuwa waya mkubwa wa umeme wa kampuni ya PG&E, ambayo mwaka 2020 ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Nyaya za umeme zilizoanguka ndizo zilizoanzisha na ule wa Lahaina. Ukweli huo peke yake ni wa kutisha vya kutosha.

Na nyumba ya paa jekundu? Ilikuwa nyumba ya mbao, ya umri wa karibu karne moja. Wenyewe walikuwa wameifanyia ukarabati muda si mrefu kabla ya moto. Waliondoa paa la zamani wakaweka bati zito. Waling'oa mimea iliyokuwa imegusana na kuta, na chini, kuzunguka nyumba nzima mpaka pale matone ya paa yanapodondokea, wakamwaga mawe ya mtoni. Hawakuwa wanaogopa moto. Walikuwa wanaogopa mchwa.

Bahati ilikuwepo, silifichi hilo. Lakini zile cheche zilizotua kuizunguka zilikuta mawe.

Ufagio wa bibi

Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Wamarekani wamegawa eneo linalozunguka nyumba katika kanda, na ule wa ndani kabisa, kutoka ukutani hadi mita moja na nusu, wanauita ukanda sifuri. Ndani yake hakutakiwi kuwa na kitu cha kuwaka: si majani, si maganda, si ua wa miti uliogusa ukuta, si kuni. Udongo, kokoto au zege tu. California ilipitisha sheria ya kuuanzisha mwaka 2020 kwa maeneo hatari, kanuni zake zikazua mabishano, na baada ya moto wa Januari 2025 gavana Gavin Newsom aliagiza ziharakishwe. Wenye nyumba wamelalamika sana. Watu wanapenda maua yao yaguse dirisha.

Bibi yangu aliamka saa kumi na mbili kasoro, akachukua ufagio wa vijiti, akafagia uwanja wote kuzunguka nyumba mpaka udongo ukabaki na mistari kama shuka lililopigwa pasi. Kila siku. Jani moja la mparachichi likianguka saa nne, mjukuu ataitwa aliondoe. Sisi tuliona ni adhabu. Yeye alisema ni usafi, na ni kwa ajili ya nyoka. Moto hakuutaja hata mara moja.

Kisha sisi wajukuu tumejenga zetu, tumepanda nyasi za kapeti mpaka kwenye msingi, tumezungushia ua wa misaiprasi kwa sababu tumeuona kwenye nyumba za wenye nazo. Ua huo nje ni kijani, lakini upanue kwa mikono uone ndani: umejaa vijiti vikavu vya miaka mitano. Ni kiberiti kilichopakwa rangi ya kijani.

Kwa hiyo anza na hiyo mita moja na nusu, kabla hujafikiria kukata mti wowote. Ni kazi ya siku moja na haina gharama. Toka hapo mpaka mita 10 hivi, majani yawe mafupi, yasizidi kimo cha kiganja, na matawi yasiinamie paa. Punguza pia matawi ya chini ya miti, angalau mpaka usawa wa kichwa cha mtu, ili moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia. Zaidi ya hapo, mpaka mita 30 kama kiwanja chako kinaruhusu, miti iachane tu. Huhitaji jangwa, unachotafuta ni moto ufike mlangoni umechoka na una njaa.

Nyumba zetu zinavuja wapi

Maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa nyumba za mbao za ughaibuni, na msomaji wa Njombe au Nyeri akiyasoma anajipongeza: mimi nyumba yangu ni tofali na bati, mimi niko salama. Kuta zako kweli ziko salama. Sasa panda ngazi uangalie pale ukuta unapokutana na paa. Mafundi wetu wengi huacha uwazi hapo, kwenye mawimbi ya bati na kati ya kenchi, ili hewa ipite. Ndege huingia wakajenga viota. Panya huburuta magunzi na vitambaa. Juu ya dari kuna vumbi la mbao ambalo fundi hakulizoa tangu siku ya kuezeka, kenchi kavu za miaka 20, na chini yake dari yenyewe.

Cheche ikiingia humo hakuna atakayeiona. Utaona moshi unatoka chini ya bati saa moja baadaye, na kwa wakati huo bati lako lisiloungua limegeuka kifuniko cha sufuria. Tiba yake ni wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 3 au madogo zaidi, upigiliwe kuziba uwazi wote huo. Hewa itapita, cheche kubwa haitapita. Usiweke wavu wa mbu wa plastiki. Utayeyuka kwa cheche ya kwanza. Na kabla hujaziba, ingia uzoe vile viota.

Nyumba ya nyasi au makuti ni suala lingine, na sitadanganya kwamba kuna ujanja mkubwa. Paa lenyewe ndilo kuni. Linaloweza kufanyika ni kulitenga: jiko la nje lisiwe upande unaotoka upepo wa kiangazi, uwanja uwe mpana kuliko wa nyumba ya bati, na ngazi na maji vikae tayari miezi yote ya ukame. Vijiji vingi vya zamani vilijua haya, ndiyo maana jiko lilisimama peke yake kule.

Kisha kuna mazoea yetu ya kuweka vitu upenuni. Kuni zilizopangwa ukutani ili zisinyeshewe. Gunia la mkaa chini ya dirisha. Banda la kuku lenye pumba, limeegemea ukuta wa chumba cha watoto. Dumu la petroli ya pikipiki. Kiangazi kikianza, vyote hivyo vihamishwe, hata hatua 15 tu kutoka nyumbani. Mvua zikirudi, virudishe. Usisahau bomba la maji: tenki limejaa lita elfu, lakini bomba lake la plastiki limepita juu ya majani makavu. Moto wa nyasi utaliyeyusha kwa nukta chache na lita zako elfu zitamwagika pale chini ya mnara ukiziangalia. Lifukie.

Wanayosema watu

"Nitamwagia paa maji." Kila mtu mtaani atafikiri hivyo dakika ile ile. Pacific Palisades, Los Angeles, kulikuwa na matenki matatu ya galoni milioni moja kila moja kwa ajili ya mtaa huo, na usiku wa kwanza wa moto yote yalikauka, kwa sababu mifumo ya maji ya mji imejengwa kuzima nyumba moja au mbili kwa wakati, haikujengewa mtaa mzima. Isitoshe, maji uliyomwaga saa saba yatakuwa yamekauka saa nane, kwa upepo ule. Yafaa kulowesha, ila usitegemee hilo na usibaki nyuma kwa ajili yake.

"Tumechimba barabara ya moto, hauvuki." Barabara za kuzuia moto zina kazi yake. Shamba la Miti Sao Hill, kule kwetu Mufindi, limekatwakatwa nazo, na bila hizo hali ingekuwa mbaya. Siku isiyo na upepo, moto wa nyasi ukifika kwenye udongo mtupu wa mita chache unakufa. Siku ya upepo cheche zinapita juu yake kama ndege. Faida yake kubwa siku hiyo ni kuwapa watu mahali pa kusimama na kupita kwa usalama. Wenye mashamba ya miti ya familia wanaopanda mipaina mpaka kwenye ukuta wa choo, halafu wanajifariji kwa kimfereji cha upana wa jembe mbili, wafikirie upya.

"Kata miti yote." Mti mbichi uliotunzwa unaweza hata kukinga cheche zisifike ukutani. Migomba iliyovuliwa majani makavu inafaa sana. Mikaratusi ndiyo ya kukaa nayo mbali, kwa sababu inajimenya magome yake yenyewe, na gome lile refu jepesi ndilo linalosafiri likiwa linawaka. Waustralia, wenye mti wao, wanaliogopa kuliko kitu kingine.

"Moto ukija nawasha mwingine wa kukutana nao." Hapana. Wapo wanaojua kufanya hivyo, na wanafanya wakiwa kikosi, wakiwa wamesoma upepo. Mtu mmoja mwenye kiberiti na hofu anaongeza moto wa pili tu. Kinachofanyika kwa akili ni kuchoma mapema: maeneo ya miombo, Kilwa kwa mfano, wanavijiji huchoma nyasi zikiwa bado na unyevu mara baada ya masika, moto ukiwa mfupi na mpole, ili Septemba isikute cha kula. Hilo ni la kijiji na kibali, si la mtu mmoja.

Na wapo wanaosema watabaki walinde mali yao. Australia waliwahi kuwa na msimamo rasmi kwamba mwenye nyumba aliyejiandaa anaweza kuchagua kubaki. Kisha ukaja moto wa tarehe 7 Februari 2009 katika jimbo lao la Victoria, wakafa watu 173, wengi wao ndani ya nyumba zao. Ushauri ukabadilishwa: siku mbaya kabisa, ondoka mapema. Mapema maana yake kabla hujauona mwali. Moshi ukishaziba barabara hujui tena unakimbilia wapi. Tanzania namba ya zimamoto ni 114, piga hata kama unajua gari liko wilayani na wewe uko kilomita 60. Funga madirisha na milango yote unapotoka, ondoa mapazia mepesi madirishani, fungulia mifugo, toka.

Usiku ule

Moto wa bibi niliuona nikiwa darasa la tano. Ulipanda kutoka bondeni saa tisa alasiri, mtu alikuwa anaandaa shamba la ulezi, upepo ukamgeukia. Ulikula shamba la mipaina la jirani, ukaja mpaka mwisho wa majani, ukafika kwenye udongo uliofagiwa, ukasimama. Nilidhani umeisha. Watoto wote tulidhani umeisha, tukaanza kucheza na majivu.

Bibi alikataa tusilale. Mjomba alipewa tochi na ndoo, akaambiwa azunguke nyumba, na kila alipomaliza akaambiwa azunguke tena. Alinung'unika sana. Nimekuja kuelewa miaka mingi baadaye kwamba nyumba nyingi hushika moto saa kadhaa baada ya moto kupita, watu wakiwa wameshashukuru Mungu na kuingia ndani.

Saa nane usiku tulimsikia anaita. Kinu cha bibi kilikuwa kimeachwa upenuni, chini kabisa ya papi, na ndani yake mlibaki pumba za asubuhi. Hakikuwa na mwali. Kilikuwa kinafuka kidogo tu, kama chungu cha ubani. Mjomba akamimina ndoo, akakigeuza kwa mguu, akamimina ya pili. Bibi alikitumia kinu kile mpaka mwaka aliofariki. Mdomoni mwake, upande mmoja, kina pengo jeusi la ukubwa wa kiganja.